Kuuza PS chini ya bei ya kununulia: kisa cha chumba kimoja cha gemu Lamu

Kisa hiki ni cha mfanyabiashara mmoja wa Lamu ambaye kwa miezi saba aliuza mashine za PlayStation 4 kwa bei iliyo chini ya gharama yake, kwa makusudi, akiiga wanavyofanya watengenezaji wenyewe. Jina lake, mtaa wake na mwaka vimeondolewa, na hesabu zimesawazishwa kidogo ili duka lisijulikane. Daftari zake nimezipitia nikiwa naye, na ameridhia kisa kiandikwe. Humu nitamwita Ami, kwa kuwa ndivyo vijana wote wa mtaa wanavyomwita.

Swali lenyewe ni kubwa kuliko duka: je, kampuni ya mashine za gemu yafaa iuze mashine kwa hasara ikitarajia kurudishiwa na gemu? Nimelipitia kwa duka dogo kwa sababu hapa kila shilingi iliyopotea ina mtu aliyeichukua, na mtu huyo anajulikana nyumba yake.

## Usuli

Ami ana chumba cha gemu chenye PS4 nne, TV nne na mabenchi ya mbao. Mechi ni shilingi 20, na anayefungwa ndiye anayelipa. Chumba hufungwa nyakati za sala, na asubuhi watoto wa chuo (madrasa) hawaruhusiwi kuingia hata wakija na noti ya mia. Karibu kila mechi ni mpira. Ami aliwahi kuweka gemu za magari na za kupigana, vijana wakacheza siku mbili wakarudi kwenye mpira. Kabla ya kisa hiki chumba kilikuwa kikiingiza kiasi cha shilingi 48,000 kwa mwezi, kabla ya kodi ya nyumba na stima.

Pembeni ya chumba aliuza mashine mojamoja. PS4 iliyotumika aliinunua Mombasa kwa shilingi 23,000. Ikipanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, na hamali akaishusha gatini, huwa imefika 24,000. Mjini aliiuza 26,000 au 27,000, na kwa bei hiyo ilitoka moja kwa mwezi, mwezi mzuri mbili. Ami pia ni fundi. Hewa ya bahari hula feni za mashine hizi, na pedi za kuchezea zinazoshikwa na vijana kutoka asubuhi hadi usiku hazidumu. Kazi hiyo ya ufundi aliihesabu kuwa ni ya kusaidia watu, na alitoza kama anayesaidia watu. Jambo hilo tutalirudia, maana ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote na halikuandikwa kwenye mpango.

## Fikra ilivyoingia

Mwana wa nduguye, mwanafunzi Mombasa, alikuja likizo na habari moja.

"Ami, hata Sony wenyewe huuza PS kwa hasara. Pesa yao iko kwenye gemu."

"Na hiyo hasara hulipwa na nani?"

"Na wewe, Ami. Kila ukinunua diski."

Kijana hakukosea. PlayStation 3 ilipotoka Novemba 2006, iliuzwa Marekani kwa dola 499 na dola 599. Wachambuzi wa kampuni ya utafiti ya iSuppli waliifungua kipande kwa kipande wakakadiria kwamba Sony ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola 300 kwa ile ya bei ya chini, na zaidi ya dola 240 kwa ile ya juu. Katika kesi ya Epic dhidi ya Apple, Mei 2021, afisa wa Microsoft aliulizwa kama kampuni imewahi kupata faida kwa kuuza Xbox, mashine yake ya gemu, na alijibu kuwa haijawahi. Mwishoni mwa 2022 mkuu wa Xbox wakati huo, Phil Spencer, alisema kampuni huongezea kati ya dola 100 na 200 kwa kila mashine inayouzwa.

Kwa hiyo habari ilikuwa ya kweli, na Ami aliichukua kwa uzito. (Ajabu yake ni kwamba mashine aliyokuwa akiiuza, PS4, ndiyo ambayo Sony iliipangia bei kwa tahadhari baada ya kuungua na PS3. Ilitoka 2013 kwa dola 399, na makadirio ya vipande vyake yalikuwa chini kidogo ya bei hiyo.)

## Hesabu ya mwanzo

Mpango uliandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. PS4 ingeuzwa shilingi 19,000, hasara ya 5,000 kwa kila moja. Mnunuzi angepata haki ya kubadilisha diski kwa Ami: unaleta uliyoimaliza, unatoa shilingi 300, unachukua nyingine. Ami alikadiria kila mtu angebadilisha mara mbili kwa mwezi, yaani shilingi 600, na kabla ya miezi tisa kwisha hasara ingekuwa imerudi. Baada ya hapo ingekuwa faida tupu. Juu yake kungekuwa na pedi, ufundi, na mashindano ya kila mwezi yenye kiingilio.

Alinunua diski arobaini kwa shilingi 60,000 ili awe na za kubadilisha. Mashine za kwanza zilikuwa kumi. Mtaji ulitoka kwenye akiba na kwa ndugu mmoja aliyemwamini.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuanza na mashine tatu. Jibu lake lina mantiki: mpango wa kubadilishana diski hauna maana watu wakiwa wachache, kwa sababu diski lazima ziwe na pa kuzungukia. Alihitaji wingi. Watengenezaji nao husema vivyo hivyo. Mtunzi wa gemu haandiki gemu kwa mashine isiyo na watu, kwa hiyo mashine husukumwa majumbani kwanza, kwa bei yoyote, ili watunzi waje.

## Yaliyotokea

Kumi za kwanza ziliisha ndani ya wiki tatu. Kwa duka lililozoea kuuza moja kwa mwezi, hiyo ilikuwa sikukuu. Ami aliona mpango umejibu.

Mwezi wa pili watu walianza kubadilisha diski, lakini si kwa kasi aliyoiandika. Mashine zilizotoka dukani zilikuwa nyingi kuliko sura zilizokuwa zikirudi. Alidhani watu bado wana gemu ya kwanza.

Mwezi wa tatu ndipo uamuzi mzito ulipofanywa. Fedha za diski zilikuwa hazijafika hata robo ya alizotarajia. Kulikuwa na njia mbili: kusimama ahesabu, au kuongeza mashine kwa hoja kwamba wateja bado ni wachache mno. Alichagua ya pili. Alileta mashine kumi na nne. Bei ya Mombasa ilikuwa imepanda na kila moja ilimfikia kwa 25,000, lakini mjini bei ya 19,000 ilikuwa imeshajulikana na hakuweza kuipandisha bila maneno. Hasara ikawa 6,000 kwa mashine.

Mwezi wa nne aligundua mambo matatu, karibu kwa wakati mmoja.

Kwanza, mtu mmoja aliyenunua nne, akisema ni za wanawe na wa nduguye, alikuwa amezivusha hadi kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate akafungua chumba chake cha gemu. Hakurudi kubadilisha diski hata moja, na kwa nini arudi? Ami alikuwa amemfadhili shilingi 20,000 za kuanzia biashara.

Pili, mashine tano zilikuwa zimerudi Mombasa. Vijana wawili walikuwa wakinunua kwa 19,000 na kuziuza huko kwa bei ya soko. Mashine ilivuka maji kuja Lamu kwa nauli ya Ami, ikavuka tena kurudi ilikotoka, na kila mtu njiani alipata kitu isipokuwa yeye.

Tatu, kwa zile kumi na tano zilizobaki mjini, ni sita tu zilizokuwa na wenye kubadilisha diski kila mwezi. Tisa hawakuwa na haja. Wanacheza mpira, na mpira unatosha kwa diski moja mwaka mzima. Wengine hawakununua hata hiyo moja: mpira wa Konami, ule uliokuwa ukiitwa PES, ulibadilishwa jina kuwa eFootball mwaka 2021 na kutolewa bure. Wawili walipeleka mashine kwa fundi wa Mombasa zikavunjwa kufuli linalozuia gemu zisizo halali, na kujazwa gemu kwenye hifadhi yake ya ndani. Waliobaki waliazimana wao kwa wao, jirani kwa jirani, kama wanavyoazimana kila kitu.

Mashindano yalikufa kabla ya kuanza. Mpango ulikuwa kila mchezaji atoe kiingilio na mshindi achukue sehemu ya fungu. Mzee mmoja wa msikitini alimwita Ami kando na kumwambia kwa upole kwamba hiyo ni kamari, hata kama inachezwa kwa pedi. Ami hakubishana.

Na chumba chenyewe? Mwenye PS nyumbani huwa hachezi mwenyewe. Hucheza na rafiki zake, na rafiki zake ndio waliokuwa wakilipa shilingi 20 kwa mechi. Kuanzia mwezi wa pili mapato ya chumba yalishuka hadi wastani wa 35,000.

## Uamuzi wa kusimamisha

Mwezi wa saba Ami alisimamisha mauzo ya hasara. Hakusubiri mtaji uishe. Kilichomsimamisha ni swali la yule ndugu aliyemwazima fedha, ambaye hakuuliza fedha zake zi wapi. Aliuliza ni nani kati ya wanunuzi wale analazimika kurudi. Ami alipitia orodha jina kwa jina usiku ule na hakumpata hata mmoja.

Bei ilirudishwa 27,000, na mtu anaweza kulipa kidogo kidogo akitanguliza arabuni ya 10,000. Bei ni hiyo hiyo, taslimu au kwa awamu, kwa sababu Ami hataki chochote kinachonukia riba. Mashine haiuzwi kwa asiyejulikana nyumbani kwake. Diski zote arobaini ziliuzwa kwa jumla ya 34,000.

## Matokeo

Hasara ya bei: 50,000 kwa mashine kumi za kwanza, 84,000 kwa kumi na nne za pili, jumla 134,000. Kubadilisha diski kuliingiza 22,000. Faida ya pedi na ufundi ilikuwa 14,000. Hapo pengo ni 98,000. Diski zenyewe zilimpotezea 26,000 alipoziuza. Chumba kilipungukiwa na kiasi cha 78,000 kwa miezi sita. Ukijumlisha yote, ni shilingi laki mbili na ushei.

Ami mwenyewe alikuwa akiitaja ile 98,000 tu. Ya chumba hakuihesabu kuwa hasara ya mpango. Aliona ni biashara kuwa baridi. Nimeona hili kwenye daftari nyingi, mtu anaandika bei aliyoipunguza na haandiki alichokipoteza kwingine kwa sababu ya bei hiyo.

## Uchambuzi: anayepoteza na anayekusanya

Ukiuza chini ya gharama umemkopesha mteja. Sony ilipoiuza PS3 kwa hasara ya dola mia mbili na zaidi ilikuwa imempa mnunuzi mkopo asioujua, utakaolipwa kidogo kidogo kila anaponunua gemu. Na mkopo huo ulikuwa na mdhamini: mashine haisomi gemu yoyote isiyotiwa saini na Sony. Mchapishaji anayetaka diski yake isomwe hulipa mrabaha. Gemu ikiuzwa kwenye duka la mtandaoni la mashine, mwenye mashine hukata sehemu, na kiwango kilichozoeleka ni asilimia 30. Mnunuzi anaweza kuchelewa, anaweza kununua kidogo, lakini hawezi kupita pengine.

Mvuvi hutia chambo ndani ya dema, na samaki akishaingia hana mlango wa kutokea. Ami alikimwaga chambo baharini.

Kufuli hilo halikuwapo tangu mwanzo. Atari 2600 ya mwaka 1977 haikuwa nalo, na watumishi wa Atari walioondoka na kuanzisha Activision mwaka 1979 wakatengeneza gemu zao kwa ajili ya mashine ile ile bila kuhitaji ruhusa. Wengine wengi waliwafuata, na soko la Marekani likajaa gemu mbovu hadi likaanguka 1983. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilitia chipu ndani ya mashine inayokataa gemu zisizo na leseni. Biashara nzima ya kuuza mashine kwa bei nafuu imesimama juu ya chipu ile na warithi wake.

Kosa kubwa la mpango wa Lamu linaonekana zaidi kwa mfano wa 3DO, mwaka 1993. Kampuni ya 3DO ilibuni mashine lakini haikuitengeneza. Iliwapa leseni watengenezaji kama Panasonic. Mrabaha wa gemu ulikwenda 3DO. Panasonic, ambayo haikuwa na fungu la maana kwenye gemu, ilibidi ipate faida kwenye mashine, nayo ikauzwa dola 699. Watu wakaikimbia. Panasonic ilifanya hesabu sahihi kwa upande wake: asiyekusanya mrabaha asibebe hasara. Ami alikaa mahali pa Panasonic, akafanya hesabu za 3DO. Mashine aliyoipunguzia bei ilikuwa na kufuli, ndiyo, lakini ufunguo wake uko Japani. Kama mteja wake angenunua gemu mtandaoni, sehemu ingekwenda Sony. Akiazima diski, haimfikii yeyote.

## Mnunuzi asiye mteja

Yule wa Pate aliyenunua nne si jambo la Lamu peke yake. Mwaka 2010 maabara ya jeshi la anga la Marekani ilizindua kompyuta kubwa iliyoundwa kwa PS3 zipatazo 1,760 zilizofungwa pamoja. Waliona kwamba hakuna mahali pengine wangepata uwezo ule wa kukokotoa kwa bei ile. Gemu hawakuhitaji hata moja. Mwezi Aprili mwaka huo huo Sony iliondoa, kwa sasisho la programu, ule uwezo wa kuweka Linux, mfumo unaoifanya mashine itumike kama kompyuta, kwenye PS3. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Ila hesabu iko wazi kwa anayetaka kuiona: kila mashine inayoishia kwenye rafu ya maabara ni mkopo usiolipwa.

Bei ya hasara huvuta kwanza watu wasio wateja, kwa sababu wao ndio wanaojua thamani ya kitu nje ya matumizi yake. Kampuni hujikinga kwa kufuli, kwa kuzuia mtu mmoja asinunue nyingi, na kwa kufunga akaunti. Ami alikuwa na kinga moja aliyoweza kuitumia, kuwajua watu, naye hakuitumia hadi mwezi wa saba. Mjini Lamu si vigumu kujua mashine nne zinakwenda nyumba gani.

## Muda na bei ya vipande

Kuna sehemu ya pili ya hesabu ya kampuni ambayo mwana wa nduguye hakuitaja. Hasara ya mwanzo huwa haikusudiwi kudumu. Chipu zikizidi kuwa ndogo, gharama ya kutengeneza hushuka, na mashine iliyoanza kwa hasara huishia kwa faida bila bei kupanda. PS5 ya dola 499 ilitoka Novemba 2020, na Agosti 2021 Sony ikasema aina hiyo haiuzwi tena kwa hasara. Gharama ya Ami ilikwenda kinyume: mashine zilizotumika zilipozidi kutakiwa Mombasa, bei ya kununulia ilipanda.

Hata kwa kampuni njia hii si salama. Mwaka wa fedha ambao PS3 ilizinduliwa, kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya uendeshaji ya yeni bilioni 232. Kampuni yenye mifuko mirefu ilistahimili. Baadaye PS3 ilipunguzwa gharama ikauzwa dola 299 mwaka 2009. Sega haikuwa na mifuko hiyo. Dreamcast ilitoka Marekani 9 Septemba 1999 kwa dola 199, watu wakaisifu, na mwanzoni mwa 2001 Sega ikatangaza kuacha kutengeneza mashine. Nintendo kwa miaka mingi imekuwa na msimamo wa kuuza mashine kwa faida, hata ndogo. Wii ya 2006 iliuzwa dola 249 ikiwa na faida tangu siku ya kwanza, na zaidi ya milioni mia moja ziliuzwa. Walipolazimika kuikata 3DS kutoka dola 249 hadi 169 mwaka 2011, miezi michache tu baada ya kuitoa, mwaka huo wa fedha uliisha kwa hasara ya kampuni nzima.

## Kilichofaa

Katika daftari lile kuna mstari mmoja unaopendeza, nao ni wa ufundi. Karibu kila mwenye mashine kati ya wale kumi na tano alirudi kwa ajili ya pedi iliyokwama au feni inayolia, hata wale tisa wasiobadilisha diski, hata wale wawili waliovunja kufuli. Hawakuwa na mahali pengine. Fundi mwingine wanayemwamini yuko ng'ambo ya boti na safari ndefu ya basi.

Hilo ndilo lango la Ami, na alikuwa amelikaa kwa miaka bila kulitoza. Hakuwa na saini ya Sony lakini alikuwa na bisibisi, na bahari pande zote. Kama angetaka kuuza mashine kwa bei ya chini, hasara ile ingepimwa kwa kazi ya ufundi itakayofuata, pengine shilingi elfu moja kwa mashine, si elfu tano. Sasa kusafisha mashine ni shilingi 500, kubadilisha kijiti cha pedi 400, na anayenunua kwake hupewa usafishaji wa kwanza bure. Watu walilalamika wiki moja.

Ligi nayo ilirudi kwa sura nyingine. Hakuna kiingilio, mshindi hupewa jezi anayoinunua Ami mwenyewe, na wachezaji hulipa mechi zao kama kawaida. Mapato ya chumba yamepanda tena, ingawa hayajafika 48,000.

## Basi, kampuni ziuze kwa hasara?

Kwa maoni yangu, ndiyo, lakini hasara ndogo na ya muda, na kwa yule tu anayemiliki mlango wa gemu. Hasara ya PS3 ilikuwa ya kiburi. Walijaza mashine vipande vya gharama kisha wakamtafuta wa kulipa. Hasara ndogo ya PS5, iliyokwisha kabla ya mwaka, ilikuwa ya biashara.

Na hata hiyo inazidi kuwa ngumu. Ile tabia ya bei ya vipande kushuka kadiri miaka inavyokwenda haitegemeki tena. Agosti 2022 Sony ilipandisha bei ya PS5 katika nchi nyingi, na Agosti 2025 Marekani nayo ikafuata kwa dola 50. Xbox Series X, iliyoanza kwa dola 499 mwaka 2020, ilipandishwa hadi 599 Mei 2025 na 649 Oktoba. Mashine ya miaka mitano inauzwa ghali kuliko ilipokuwa mpya. Anayekopesha mteja akitarajia gharama zishuke, leo anakopesha kwa matumaini tu.

Kwa upande wetu wa pwani hesabu ina sura nyingine ambayo mara chache huandikwa. Mashine zinazofika Lamu ni zile ambazo hasara yake ya mwanzo imeshalipwa na mtu wa Ulaya au Ghuba aliyenunua gemu za bei kamili. Sisi tunapata mkia wa ruzuku ile. Chumba chenye diski moja ya mpira, inayochezwa mechi themanini kwa siku mwaka mzima, ni mteja ambaye kampuni haimtaki: amelipa mara moja, au hakulipa kabisa. Na duka la mtandaoni la PlayStation kwa muda mrefu halikuiorodhesha Kenya kati ya nchi zake, kwa hiyo hata anayetaka kulipa hufungua akaunti kwa anwani ya nchi nyingine na kutafuta kadi.

Kampuni zinaliona hilo, na zinaufunga mlango wa diski taratibu. Mwaka 2013 Microsoft ilitaka kuzuia diski za mkono wa pili kwenye Xbox One, wateja wakapiga kelele, ikarudi nyuma mwezi Juni. Njia ya sasa haina kelele: mashine inauzwa bila sehemu ya diski. PS5 ya bei ya chini iko hivyo tangu mwanzo, na PS5 Pro ya Novemba 2024, iliyotoka kwa dola 699, nayo ilikuja bila sehemu ya diski, ukitaka unanunua kifaa chake mbali. Mashine hizo zitakapoanza kufika Mombasa kwa wingi zikiwa zimetumika, hakutakuwa na cha kuazimana. Ami anatafuta PS5 mbili za chumba chake, na amemwagizia mtu wake wa Mombasa mara tatu sasa: iwe na mdomo wa diski, hata kama imekwaruzika, hata kama ni ghali zaidi.